Mgeni Apite Mbele

Tulipomzika mama mwaka huu, mtu wa kwanza kusema neno juu yake baada ya mchungaji hakuwa ndugu wala mtu wa kwaya. Alikuwa Mama Ombati, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, mkongwe aliyeinama hadi fimbo yake imemzidi kimo. Alikataa kipaza sauti. Akasema kwa Ekegusii, lugha yetu sisi Wakisii, "Nimepoteza mtu wa kugombana naye," kisha akarudi kwenye kiti chake cha plastiki. Watu wa mteremko wetu waliguna kwa kukubali, wengine wakacheka kidogo huku wakifuta macho. Wenzangu wa kazini waliotoka Nakuru kunisindikiza waliulizana kwa macho, na nilipowatafsiria, mmoja akaninong'oneza kama huyo bibi alikuwa adui wa marehemu. Nikamwambia hapana, hakuna aliyemsifu mama siku hiyo kumpita huyo bibi. Sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi. Naeleza hapa, ingawa kila nikiukumbuka mwaka ule nilipokuwa darasa la sita, uso wangu hupata moto na najikuta naangalia chini, mtu mzima mwenye wajukuu.

Asiyefika kwetu lazima kwanza apewe picha ya ardhi, maana aibu yetu ilitoka humo humo ardhini. Upande wetu wa Kisii, chini ya mlima wa Manga, hakuna tambarare. Kuna mgongo wa mlima, halafu mteremko, halafu bonde lenye kijito, halafu mteremko mwingine na mgongo mwingine, hivyo hivyo hadi macho yachoke. Mpira ukikuponyoka uani unaufuata kijitoni. Nyumba zimejengwa kwenye vidaraja vilivyochongwa katika udongo mwekundu, juu yake majani chai, chini yake migomba, na chini kabisa, penye matope, nduma, ndiyo magimbi. Mvua hatuidai. Mwalimu wetu wa jiografia alituchorea ubaoni jinsi hewa yenye unyevu inavyotoka ziwani, inavyopanda milima yetu na kupoa, na karibu kila alasiri inatumwagikia vichwani, mara nyingine na mawe ndani yake. Maji hayo huzama ardhini hadi yakutane na mwamba, yakikosa njia ya kushuka yanakwenda upande, na hutokeza katikati ya mteremko, mahali ambapo watu wetu hupaita kiuno cha mlima. Palipotokeza maji tulipaita ensoko, yaani chemchemi. Ya upande wetu ilikuwa ndani ya shamba letu, chini kidogo ya nyumba, lakini hakuna aliyewahi kusema ni yetu. Ardhi ilikuwa na wenyewe, maji hayakuwa na mwenyewe. Kibuyu kilichokatwa kilining'inia kwenye kijiti pale kwa ajili ya mpita njia yeyote, na kilipovunjika, aliyeona kwanza ndiye aliyeleta kingine.

Juu tu ya ile chemchemi, kwenye ukingo wake kabisa, palikuwa na mikaratusi. Ilipandwa nikiwa sijaanza shule. Nakumbuka nikichota maji kwa kikopo na kuimwagilia, mche mmoja baada ya mwingine, na mama akinisifu. Mahali hapo alipachagua mama mwenyewe. Tata, mume wake, alitaka kuipanda juu mpakani, kwenye ukavu. Mama akasema mti ni kama mtoto, mpe chakula karibu, na akajibiwa kwamba shamba ni lake pia, apande atakapo. Miti ilikuwa yangu. Nikimaliza shule ya msingi ingekatwa, iuzwe, nami niende shule ya upili. Mama alikuwa akiipapasa magome na kusema, "Huyu ni kidato cha kwanza. Huyu ni cha pili." Ilikua kwa haraka ya ajabu, na kila mgeni aliyetutembelea alitolewa nje aione kabla ya kupewa chai.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu ya neno moja. Nimeandika "mama" ili msomaji anielewe, lakini sikumwita hivyo. Kwa Ekegusii mama huitwa baba. Baba ndiye mama, na baba mzazi huitwa tata. Mtoto wa Kisii anayeanza shule hugeuziwa wazazi wake na Kiswahili, na huchukua muda kabla ya kuzoea. Darasa la kwanza niliandika kwamba baba yangu ananyonyesha, mwalimu akaniita mbele nisome kwa sauti, na wakubwa wa madarasa ya juu wakaja kusikiliza dirishani. Kufikia darasa la sita nilidhani nimepona.

Chemchemi haikukauka kwa siku moja. Kwanza ilikuwa debe linajaa kabla hujamaliza ubeti wa wimbo, halafu wimbo mzima, halafu nyimbo mbili na porojo. Wanawake waliokuwa wakichota hapo walianza kuitazama mikaratusi kwanza, kisha maji, kisha nyumba yetu. Hakuna aliyesema kitu. Kwetu jambo zito huzungukwa sana kabla halijaguswa. Mama naye alikuwa wa kwanza kulalamika kuhusu kiangazi, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha, na mtu alipomwuliza kiangazi gani, alisema cha mwaka jana, bado kinafuata. Mwishoni palibaki tope, halafu chura mmoja juu ya tope, halafu hata chura akahama. Sisi tunaolowana kila alasiri tukakosa maji ya kunywa. Ya paa la nyasi tuliyakinga, lakini yalitoka ya kahawia na yenye harufu ya moshi, yakafaa kufulia tu. Nadhani kutapakaa kwa maji kote ndiko kulikofanya aibu iwe nzito. Kukosa maji Ukambani ni bahati mbaya, lakini kuyakosa Kisii ni lazima kuna mtu amefanya jambo.

Basi mteremko wetu wote ukaanza kuvuka bonde kwenda chemchemi ya ng'ambo, iliyokuwa kwenye shamba la kina Mama Ombati. Siku ya kwanza tulikwenda Ijumaa alasiri. Sisi ni watu wa Sabato, na Ijumaa maji ya siku mbili lazima yawe nyumbani kabla jua halijatua, kwa sababu baada ya hapo hakuna kuchota, hakuna kubeba, hakuna kuwasha moto wa kupikia. Kwa hiyo foleni ya Ijumaa ilikuwa vita. Wanawake waliosujudu pamoja kanisani walisukumana kwa viuno, walikanyagana, waliitana majina ya wanyama. Ilikuwa raha yao, nami tangu utotoni nilijua sauti ya Ijumaa ni sauti ya watu wanaogombania maji. Tulipoteremka na kupanda ng'ambo, mama na debe lake, mimi na mtungi mdogo, ile sauti ilikuwa ikisikika tangu kijitoni. Tulipofika ikakatika. Mama Ombati, aliyekuwa wakati huo mwanamke mnene mwenye mabega ya mwanamume, akasogeza debe lake pembeni kwa mguu. Akasema, "Omogeni. Mpisheni mgeni apite mbele."

Wakatupisha. Foleni nzima ilifunguka katikati, na sisi tukapita kwa heshima zote, mbele ya watu ambao mama aliimba nao kwaya, aliolima nao kwa zamu, waliomshika mkono aliponizaa. Mtu alimwekea debe chini ya maji. Mwingine akamsaidia kujitwika, kama anavyosaidiwa mgeni asiyejua njia. Mimi nilifurahi. Nilimwambia mama njiani kwamba watu wa ng'ambo wana adabu kuliko watu wetu. Alitembea mbio hadi maji yakawa yanamwagika mgongoni, na tulipofika alitua debe mlangoni, akaketi kando yake na kulitazama kama kitu kilichoibwa. "Umewahi kuona mtu akigombana na mgeni?" akaniuliza. Nikasema hapana. Akasema, "Basi."

Wanawake wengine wa mteremko wetu, waliokuwa wamevuka bonde kama sisi, walisukumwa na kukanyagwa kama kawaida. Kwa majuma kadhaa nilitazama na kuhakikisha. Sisi peke yetu ndio tuliokuwa wageni. Kila tukifika, mazungumzo yalisimama, njia ikafunguka, na yale maneno matamu yakasemwa. Ilifika wakati mama akaacha kwenda. Akateremka kijitoni, chini ya mahali ng'ombe waliponywea, na kuchota maji mekundu. Tuliyaacha yatulie ndani ya nyungu, tukayachemsha, na bado obokima, ugali wetu wa wimbi, ulikuwa na mchanga unaosagika menoni. Chinsaga, mboga chungu inayotaka kuoshwa na kuchemshwa mara nyingi, ikatoweka mezani kwa sababu ilikunywa maji mengi kuliko sisi. Chai ilikuwa na rangi yake kabla ya majani. Nakumbuka mjomba mmoja alikuja kututembelea, akapewa kikombe, akakiangalia, akasema amefunga. Ilikuwa Jumanne na hakuna aliyekuwa amefunga. Mama alikichukua kikombe, akakinywa mwenyewe chote huku akimtazama mjomba, na mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Shuleni jina langu likawa Karatusi. Mwalimu wa jiografia, bila ubaya wowote, alifika kwenye somo la chemchemi na akachora mlima ule ule ubaoni, mwamba, kiuno, na maji yanayotokeza. Akauliza ni nini kinachoweza kuyazuia yasitokeze. Darasa zima liligeuza shingo. Nilisoma kurasa za kitabu ambacho hakikuwa hata cha jiografia hadi kengele ikalia.

Kisha chifu akaita baraza, na akaliitia pale pale kwenye tope la chemchemi yetu. Alileta bwana shamba aliyekuwa amehamishiwa kwetu kutoka Taita, kijana mpole aliyevaa viatu visivyofaa mteremko na kusema Kiswahili kilichonyooka ambacho sisi tulikisikia redioni tu. Watu walikaa kwenye nyasi, wanaume upande wa juu, wanawake upande wa chini. Sisi wanafunzi tuliletwa na sare zetu. Bwana shamba alianza kwa kuizunguka mikaratusi yetu, akaigonga kwa kiganja na kutazama juu. "Miti hii ina afya sana," akasema. "Yeyote aliyeichagulia mahali hapa alijua inapenda nini." Moyo wangu, ambao ulikuwa umelala chini kwa miezi, ukainuka. Niliona hatimaye mtu msomi amekuja kutusafisha jina. Akatazama huku na huku, akaona sare. "Wewe binti, simama. Nani alichagua kupanda miti hapa?"

Nilisimama mikono nyuma kama tulivyofundishwa. Nilimwona mama katikati ya wanawake na kitambaa chake cha kichwani, nikataka sifa zimfike yeye, maana zilikuwa zake. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi mgongoni, "Ni baba."

"Asante," akasema bwana shamba. "Basi baba ndiye aliyefunga mfereji wa watu wote hawa." Akaanza kueleza kwa upole kabisa jinsi mizizi inavyoshuka, inavyoutafuta mwamba, na inavyokunywa maji kabla hayajafika mdomoni mwa ardhi, mchana kutwa, mvua iwepo isiwepo. Sikusikia mengi. Nilikuwa nimesimama bado, na nilikuwa naona kitu ambacho yeye hakukiona. Lile kundi liligawanyika macho. Chifu, walimu na wanaume waliojua Kiswahili walimgeukia tata. Wanawake, ambao wengi wao hawakuwa na Kiswahili na katika maneno yote ya siku hiyo walikuwa wamelishika hilo langu moja tu, walimgeukia mama. Neno moja, nami nilikuwa nimewaanika wote wawili. Mama aliinamisha kichwa hadi kitambaa kikamfunika uso. Ndipo tata akainuka kule juu, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Ni mimi, bwana. Nitakata."

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha baada ya ibada. Nilikuwa jikoni nikimbembeleza mdogo wangu alale, na wazazi wangu walikuwa wameketi kwenye upenu, upande wa pili wa ukuta wa udongo, wakitazama maji yakishuka mteremko. Walidhani tumelala wote wawili.

"Mbona uliinuka?" mama aliuliza.

"Mtoto alisema baba."

"Alinisema mimi."

"Yule bwana aliuliza kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, baba ni mimi."

"Wanawake wote walinitazama."

"Wao walisikia Ekegusii," tata akasema. "Si basi tumegawana aibu? Ungetaka nikuachie wewe yote?"

Mama alitoa sauti ambayo hadi leo sijui kama ilikuwa kicheko. Nilingoja waniseme, kwamba nilikuwa na mdomo, kwamba shule imeniharibu, chochote. Hawakunitaja tena. Siku hiyo wala siku nyingine hakuna aliyenikaripia kwa lile neno, na ningependa kusema nilishukuru, lakini kwa kweli ningependelea kuchapwa. Kuchapwa kungeisha.

Tata aliikata. Kidato cha kwanza kikaanguka, cha pili kikaanguka, na mama alikuwa ndani akipepeta wimbi wakati wote bila kutoka nje. Lakini mkaratusi ukiukata haujafa. Visiki vilichipua kabla ya majuma mengi, machipukizi mengi kwa kisiki kimoja, ya kijani kibichi na yenye harufu ya dawa ya kifua, na maji hayakurudi. Hapo mama ndipo alipotoka. Alichukua jembe na shoka na kuanza kuvichimbua, kisiki kimoja baada ya kingine, kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma chai. Tata alipotaka kumsaidia alimwambia, "Wewe ulimaliza yako kwa Kiswahili." Nilibeba mizizi na kuirundika ikauke ili ichomwe. Wanawake waliopita kwenda ng'ambo walimsalimu kwa upole mno. Walimwita mgeni wetu, pale pale shambani kwake, akiwa ndani ya shimo hadi kiunoni.

Mwishoni mwa mwaka, Ijumaa moja, mama aliosha matope miguuni, akachukua debe, akaniambia tuvuke. Hatukuwa tumekwenda ng'ambo kwa miezi. Foleni ilikuwa ndefu na kelele ilikuwa kubwa, na tulipofika ilikatika kama zamani. "Mpisheni mgeni," Mama Ombati akasema. Njia ikafunguka. Mama hakupita. Alikwenda mwisho wa foleni, akaweka debe chini, akasimama nyuma yake. "Nitangoja zamu yangu," akasema.

Wakamwambia apite, ni mgeni. Akasema hapana. Wakasema haiwezekani wachote wao na mgeni yuko nyuma, watu wa Kisii wamefikia wapi. Akasema basi wasichote. Aliyekuwa mbele akaondoa debe lake chini ya maji ili asionekane amemtangulia mgeni, na wa pili hakusogea, na wa tatu hakusogea. Maji yakawa yanamwagika bure kwenye mawe, maji safi ambayo mimi sikuwa nimeyaonja muda mrefu, na wanawake wote wamesimama na madebe matupu, wakibembelezana. Nilitamani ardhi inipokee. Nilimvuta mama kanga nikamwambia tupite tu, tafadhali, watu wanatutazama. Akaniondoa mkono.

Sasa, Sabato ya bondeni si sawa na ya mgongoni. Jua hujificha mapema nyuma ya mlima wa ng'ambo, na wazee wetu wa kanisa walikuwa wamekubaliana kwamba tusihesabu kivuli cha bondeni bali tutazame mwanga kwenye mteremko wa upande wetu. Kivuli hupanda taratibu. Mwanga ukiwa bado juu ya jiwe kubwa la mgongoni kwetu, ni Ijumaa. Ukiliacha, ni Sabato. Kwa hiyo tulisimama pale kwenye baridi ya ng'ambo na kila mtu alikuwa akitazama kwetu. Kivuli kilivuka kijito. Kikapanda nduma. Kikavifunika visiki na mashimo ya mama, wazi mbele ya wote, ukingo mzima umefukuliwa kama mahali nguruwe wamelala. Kikafika nyumba yetu. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwamba ana mtoto mchanga na hana tone la maji nyumbani. Mwingine akaomba kwa sauti. Kivuli kikaingia kwenye chai.

Mama Ombati ndiye aliyepasuka. "Mama Kemunto," akasema, akimwita kwa jina langu, "una kichwa kigumu kuliko hivyo visiki vyako. Umetukaushia maji, sasa unataka kutukaushia na Sabato. Kaa hapo hapo nyuma ukae hadi uote. Na hilo debe lako liondoe njiani, limenikwaruza."

"Wewe na huo mwili wako," mama akamjibu, "ungepita wapi pasikukwaruze?"

Ilikuwa kama mtu amefungua lango la ng'ombe. Wote wakaanza kusema kwa pamoja, wakasukumana, wakarudi kwenye maji, wakamtupia mama maneno ya mwaka mzima waliyokuwa wameyameza: mikaratusi yake, majivuno yake, mtoto wake asiyejua kufunga mdomo. Mama akayajibu yote, moja moja. Alikanyagwa. Mtu alimpiga kumbo la makusudi. Alisogea mbele kadiri foleni ilivyosogea, na alipobakisha watu wawili, mwanga ukaliacha jiwe. Aliyekuwa akichota akaondoa mtungi ukiwa haujajaa. Kila mtu akanyamaza, akajitwika, akaenda. Tulirudi nyumbani na debe tupu. Siku ya Sabato tulikula ndizi zilizochemshwa jana yake na viazi vitamu baridi, bila hata maji ya kusukumia, na mdogo wangu alilia kwa kiu hadi akapewa maziwa aliyoachiwa ndama. Mama aliimba kanisani kwa sauti iliyokwaruza. Hata siku ya harusi yangu sikumwona na furaha kama ile.

Maji ya chemchemi yetu yalirudi, lakini si mwaka ule. Nilikuwa nimeshaondoka nyumbani yaliporudi, na katika maisha yangu yote ya Nakuru nilikuwa nikija Krismasi na kwenye misiba, nalala siku moja au mbili, naondoka na mkungu wa ndizi. Sasa wameijengea kwa saruji na kuiwekea mfereji. Juzi, siku iliyofuata mazishi, ilikuwa Ijumaa. Nyumba ilikuwa bado imejaa watu. Majirani ndio wanaochota maji ya matanga, mfiwa hachoti, lakini nilishindwa kukaa. Nikachukua mtungi nikateremka. Kelele niliisikia tangu uani, wasichana na akina mama wachanga wakigombana kwa Ekegusii na Kiswahili na Sheng, na mwili wangu wote ulifurahi. Niliwakaribia. Kelele ikakatika.

"Wacheni mgeni apite," msichana mmoja akasema. Baadaye niliambiwa ni mjukuu wa Mama Ombati.

"Mimi si mgeni," nikamwambia kwa Ekegusii. "Nyumba ya hapo juu ni yetu."

Akanijibu kwa Kiswahili, kwa heshima, kama unavyomjibu mtu aliyejaribu lugha yako. "Ndio, tunajua, mama. Pole sana kwa msiba. Pita tu mbele."

Nilikwenda nyuma nikasimama mwisho. Hawakusimamisha foleni. Hawakubembeleza. Wakaendelea kuchota kwa sauti ya chini, na kila mmoja akageuka kunipa tabasamu la pole. Nikafanya jambo la kitoto. Niliuweka mtungi wangu katikati ya njia, makusudi, pale ambapo kila mwenye mzigo lazima apite, nikangoja. Msichana mmoja akaja na mtungi uliojaa kichwani. Akauona. Akapunguza mwendo, akapapasa kwa mguu, akaacha njia na kuzunguka kwenye nyasi zenye utelezi, nusura aanguke. "Samahani, mama," akaniambia.

Nikauokota mtungi wangu, nikapita mbele.